Meno ya watoto wetu na adui aitwaye haidrojeni

Na MWANDISHI WETU

KATIKA pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, umbali wa kilomita kama 15 kutoka baharini, wanasayansi walifukua kaburi la mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa ulimwenguni mwezi wa Mei mwaka wa 2021, na watafiti wakampa jina la Mtoto. Mifupa yake ilikuwa imeoza na kulainika mno. Lakini meno yalikuwapo, na ni meno hayo yaliyowasaidia wataalamu kuthibitisha kwamba alikuwa binadamu kama sisi, na kwamba alifariki akiwa na umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu.

Sasa angalia ndani ya kinywa cha mtoto wa leo, aliye gredi ya pili katika shule yoyote ya Malindi, Watamu, Mtwapa au Kilifi mjini. Huenda ukakuta gego lililotoboka na kuwa jeusi, nalo halijamaliza hata miaka miwili tangu lilipoota. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne ana meno yaliyooza. Kwa watu wazima ni zaidi ya mmoja kati ya watatu.

Inakuwaje jino linaloweza kukaa ardhini miaka elfu nyingi litobolewe kwa muda mfupi hivyo katika kinywa cha mtu aliye hai? Wazee wetu walisema ni kazi ya funza wa meno. Walimu wanasema ni peremende. Mkemia naye atakujibu kwa neno moja: haidrojeni.

Haidrojeni ni kitu gani?

Wanafunzi wa sekondari wanaijua. Ni elementi ya kwanza katika orodha, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Imo ndani ya maji tunayokunywa, ndani ya sukari, ndani ya mafuta ya nazi na ndani ya miili yetu. Katika hali hiyo haina ubaya wowote. Tatizo huanza inapoachana na wenzake ikabaki chembe ndogo yenye chaji ya umeme, ambayo wanasayansi huiita ioni ya haidrojeni. Ioni hizo ndizo zinazofanya ndimu iwe chachu na siki iume ulimi. Tunaposema kitu fulani ni asidi, tunasema kwamba kina ioni nyingi za haidrojeni.

Mwaka wa 1909 mkemia mmoja wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni kipimo cha kuhesabu ioni hizo. Kipimo hicho huitwa pH, na herufi H ni ya haidrojeni. Maji safi yana pH ya 7. Kila kipimo kinaposhuka kwa nambari moja, ioni za haidrojeni huwa zimeongezeka mara 10. Kwa hiyo kushuka kutoka 7 hadi 5.5, ambako kwa macho kunaonekana ni jambo dogo, ni kuongezeka kwa ioni hizo mara 30 hivi.

Nambari hiyo ya 5.5 inafaa kukumbukwa na kila mzazi, kwa kuwa hapo ndipo ganda gumu la jino, liitwalo enameli, huanza kuyeyuka.

Enameli imejengwa kwa kalsiamu, fosfati na haidroksili, vikiwa vimepangwa na kushikana barabara. Ioni ya haidrojeni ikikutana na haidroksili, huungana nayo zikawa maji. Ikikutana na fosfati, huishika na kuibadilisha. Kalsiamu hubaki bila mwenzi, ikaelea na kwenda zake na mate. Mfano wake ni ukuta wa mawe na chokaa kama tunaouona katika magofu ya Gede. Ukikwangua chokaa kidogo kidogo kila siku, kwa muda mrefu ukuta utaonekana mzima, lakini siku moja utabomoka.

Mwanafunzi anayetaka kuona jambo hili kwa macho yake na achukue mfupa mwembamba wa kuku, auoshe vizuri, autie katika chupa ya siki na kuuacha kwa siku kadhaa. Mfupa umejengwa kwa madini ya aina moja na yale ya jino. Akiutoa ataona unapindika kama mpira, kwa sababu madini yake yameliwa na asidi.

Kiwanda kilicho ndani ya ukoga

Ioni hizo hutoka wapi, ikiwa mtoto hakunywa siki? Nyingi hutengenezwa pale pale kinywani, ndani ya ukoga.

Ukoga ni ule utando laini unaonata katika meno ukiamka asubuhi. Si mabaki ya chakula kama wengi wanavyodhani. Ni makazi ya bakteria, mamilioni kwa mamilioni, waliojijengea mji wao. Ukikaa siku nyingi bila kuondolewa hushika madini ya mate na kuwa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga, ambao mswaki hauwezi kuutoa na ni lazima ukwanguliwe na daktari wa meno.

Daktari Mmarekani aliyefanya utafiti wake mjini Berlin, Willoughby Miller, alieleza mwaka wa 1890 kwamba bakteria wa kinywani hula sukari na wanga, kisha hutoa asidi inayoozesha jino. Katika miaka ya 1940 Mmarekani mwingine, Robert Stephan, alipima ukoga wenyewe baada ya kuwasukutulisha watu maji ya sukari. Aliona kwamba katika dakika chache tu pH ilishuka hadi chini ya ile 5.5, kisha ikachukua nusu saa hadi saa nzima kurudi ilikokuwa.

Kinachoirudisha ni mate. Mate yana chumvi zinazozinasa ioni za haidrojeni, na pia yana kalsiamu na fosfati za kuziba mapengo yaliyoachwa. Hata baadhi ya bakteria wa kinywani hutusaidia, kwani hutoa amonia, nayo amonia huzishika ioni hizo. Kwa hiyo kila siku jino linabomolewa na kujengwa upya. Maadamu ujenzi unalingana na ubomoaji, hakuna tundu. Ubomoaji ukizidi, bandu bandu huisha gogo.

Si kiasi cha sukari peke yake

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea njia. Mama hujitetea akisema mwanawe hali peremende nyingi, ni moja moja tu. Lakini hiyo moja moja ndiyo yenye madhara.

Chukua mfano wa watoto wawili wanaokula vitu vile vile kwa siku moja. Wa kwanza anakunywa uji wa sukari asubuhi, saa nne ananunua mabuyu shuleni, saa saba ananyonya barafu ya ukwaju, saa kumi soda, saa kumi na moja chai na mahamri, na usiku peremende. Hayo ni mashambulizi sita. Ikiwa kila moja linachukua dakika 40, meno yake yamekuwa ndani ya asidi kwa saa nne. Wa pili anakula vyote hivyo lakini katika nyakati tatu za chakula. Meno yake yamekuwa ndani ya asidi saa mbili, na saa zilizobaki mate yanafanya ukarabati.

Mabuyu yetu ya Pwani yanahitaji kutajwa peke yake. Unga wa ubuyu una vitamini C na madini, na hakuna anayeukataa. Lakini ubuyu wenyewe ni mchachu, pH yake ikiwa karibu na 3, na ule unaouzwa madukani hupikwa kwa shira ya sukari na rangi. Isitoshe, ubuyu haumezwi mara moja. Mtoto huunyonya mbegu baada ya mbegu, pakiti moja ikamtosha kutoka mapumziko ya asubuhi hadi kengele ya adhuhuri. Muda wote huo ukoga wake unapata sukari, na enameli inapata asidi kutoka pande zote mbili.

Ukwaju, embe bichi la chumvi na pilipili, na ndimu, vyote viko upande wa uchachu ingawa si vyote vyenye sukari nyingi. Soda za kola zina pH ya karibu 2.5, na chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai saba au vinane. Madafu ni afadhali, kwa maana uchachu wake ni mdogo na sukari yake haifiki hata nusu ya ile ya soda. Hata hivyo, dafu pia lina sukari, na halifai kutiwa katika chupa ya mtoto anayelala.

Aidha, yako mazoea ya watu wazima. Mwezi wa Mei mwaka wa 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, na mzozo huo ukafikishwa mahakamani. Mjadala huo ulihusu pia vijana na ulevi. Ni wachache waliozungumzia meno. Muguka na miraa hukausha kinywa, na mate yakikauka hakuna wa kuiondoa haidrojeni. Ili kuondoa uchungu na ukavu huo, watafunaji hunywa soda na kutafuna chingamu za sukari kwa saa tano au sita mfululizo. Hakuna jino linaloweza kustahimili hayo miaka mingi.

Katika mwezi wa Ramadhani nako, mtu huweza kula na kunywa vitu vitamu tangu futari hadi daku: kaimati, tambi, sharubati. Ni vyema vitamu viliwe pamoja na futari, baada ya hapo yanywewe maji, na meno yapigwe mswaki baada ya daku kabla ya alfajiri kuingia.

Sura nyingine za haidrojeni

Haidrojeni haina sura moja kinywani. Ikiungana na salfa huwa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hutengenezwa na bakteria wanaoishi mahali pasipo na hewa, hasa nyuma ya ulimi na katika mifuko iliyo kati ya fizi na jino, wanapovunjavunja protini. Ndiyo sababu kubwa ya kinywa kunuka. Mtu anayetafuna karafuu au iliki kila saa anaifunika harufu tu, wala haiondoi. Dawa ni kusafisha ulimi na kutibu fizi.

Ikiungana na oksijeni kwa namna maalumu huwa peroksidi ya haidrojeni. La ajabu ni kwamba baadhi ya bakteria wema wa kinywani huitengeneza peroksidi hiyo kidogo kidogo na kuitumia kuwazuia bakteria wanaooza meno. Ile inayouzwa katika maduka ya dawa ni kali zaidi. Haifai kusukutuliwa bila kuchanganywa na maji, wala kuzoewa kila siku bila ushauri wa daktari, kwani huweza kuunguza fizi.

Ipo pia gesi ya haidrojeni yenyewe. Ndani kabisa ya ukoga, pasipofika hewa, wako bakteria wanaoitoa, na wako viumbe wengine wadogo wanaoila na kutoa gesi ya methani. Mwaka wa 2004 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha kwamba viumbe hao wala haidrojeni hupatikana katika mifuko ya fizi zilizougua, na kwamba huongezeka ugonjwa unapokuwa mkali. Kwa kuila gesi hiyo huwapa bakteria waharibifu nafasi ya kuendelea kustawi.

Siku hizi wako wafanyabiashara wanaouza maji yaliyotiwa gesi ya haidrojeni, wakidai kwamba hutibu fizi. Ni kweli kwamba watafiti wa Okayama, Japani, walitangaza mwaka wa 2011 kwamba maji hayo yaliwapunguzia panya ugonjwa wa fizi. Lakini panya si mtu. Mzazi mwenye shilingi chache na anunue mswaki na dawa ya meno kwanza.

Somo la machungwa ya Malindi

Baada ya kusoma haya, mtu asije akawanyima watoto matunda. Historia ya Malindi inatukanya. Vasco da Gama aliporudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wake walikaa baharini karibu miezi mitatu bila matunda. Walishikwa na kiseyeye. Fizi zao zilivimba hadi zikafunika meno, wakashindwa kula, na 30 kati yao walikufa. Walipotia nanga Malindi mwezi wa Januari mwaka wa 1499, Kapteni wao alituma mtu pwani akalete machungwa, ambayo wagonjwa walikuwa wakiyatamani sana.

Fizi zinahitaji vitamini C. Chungwa likiliwa likaisha, mate huifuta asidi yake na faida hubaki mwilini. Kinachodhuru ni kunyonya vitu vichachu na vitamu kutwa nzima. Na baada ya kula kitu kichachu, sukutua maji, ungoje kama nusu saa ndipo upige mswaki, kwa kuwa enameli huwa imelainika na kuisugua wakati huo ni kuikwangua.

Mswaki wa mti na mswaki wa dukani

Watu wa Pwani walikuwa na mswaki kabla ya kiwanda chochote. Mti wa mswaki, ambao wataalamu huuita Salvadora persica, hutumiwa katika nchi nyingi za Waislamu na Afrika Mashariki. Nyuzi zake huondoa ukoga, na utomvu wake una kemikali zinazowapunguza bakteria. Utafunaji wake pia huongeza mate. Kasoro yake ni kwamba ni vigumu kuufikisha nyuma ya magego na upande wa ndani wa meno, mahali ambapo ukoga hupenda kujificha. Anayeutumia ahakikishe amefika huko, na aukate mwisho uliochakaa mara kwa mara.

Dawa ya meno ya dukani inaongeza kitu kimoja muhimu, nacho ni floraidi. Floraidi huingia katika enameli na kuchukua nafasi ya haidroksili, ile inayokamatwa na haidrojeni kwa urahisi. Jino lililopata floraidi huweza kustahimili hadi pH ya karibu 4.5. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Wakenya wa Nakuru na Naivasha wanajua kwamba floraidi ikizidi katika maji ya kunywa, meno ya watoto huota na rangi ya kahawia. Kwa hiyo kipimo ni muhimu: mtoto wa chini ya miaka mitatu atiliwe dawa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya mbaazi. Mkaa, jivu na chumvi havina floraidi ya kulinda jino, na mkaa na jivu huparuza enameli.

Mzazi ufanye nini?

Kwanza, ujue gego la miaka sita. Mtoto anapofika umri huo, nyuma ya magego yake ya utotoni huota gego jipya bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utotoni, wakasema likioza litang'oka liote jingine. Halioti jingine. Hilo ni la maisha, na linapotoka enameli yake bado ni changa na huyeyuka upesi kuliko ya mtu mzima. Magego mengi yanayong'olewa katika umri wa shule ni hayo.

Pili, tafuta doa jeupe. Kabla ya tundu kutokea, sehemu ya jino iliyopoteza madini huonekana nyeupe kama chaki, hasa karibu na ufizi. Wakati huo jino laweza kupona kwa floraidi, usafi na kupunguza vitamu. Likitoboka halirudi.

Tatu, usiku ndio wakati muhimu zaidi wa kupiga mswaki. Tukilala mate hupungua sana, na ukoga uliopewa sukari hufanya kazi hadi asubuhi bila kipingamizi. Mtoto akishapiga mswaki ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, na asipewe kitu tena isipokuwa maji. Mdogo asilazwe na chupa ya chai au uji wa sukari.

Nne, msaidie. Mtoto wa chini ya miaka saba au minane hawezi kuyafikia meno yote peke yake hata akijitahidi.

Tano, ufizi unaotoa damu usiachiwe. Utafiti uliofanywa Machakos katika miaka ya 1980 kwa watu zaidi ya 1,000 ulionyesha kwamba ingawa karibu wote walikuwa na ukoga, walioharibikiwa vibaya na fizi walikuwa wachache. Lakini hakuna ajuaye akijitazama kwenye kioo kama yeye ni mmoja wa wachache hao. Daktari ndiye atakayejua, na hospitali za serikali za Malindi na Kilifi zina idara za meno.

Wengi wetu huenda huko siku jino linapokuwa limeshauma usiku kucha, na wakati huo mara nyingi linalobaki ni koleo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usiku wa leo, kabla watoto hawajalala, chukua tochi, uwaambie wafungue vinywa, uangalie lile gego la nyuma.